Shajara ya mradi: kutoka Bagamoyo hadi Gazi kwa gari, kwa kufuata mito

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kuandika kwa Kiswahili kitabu kidogo cha mwongozo kwa walimu wanaopeleka wanafunzi katika ziara za kimasomo kwenye hifadhi na fukwe zilizo kati ya Bagamoyo na pwani ya kusini ya Kenya. Tuko watu wanne: walimu wawili wa jiografia, mchoraji mmoja na dereva ambaye ameizoea njia hii kuliko sisi sote. Rasimu tuliyoiandika tukiwa Dar es Salaam iliipa kila hifadhi sura yake, wanyama wake na orodha yake ya mahitaji. Safari hii ya Juni 2023 ilikuwa ya kuihakiki rasimu hiyo papo hapo, na maelezo yanayofuata yanaonyesha jinsi tulivyolazimika kuupangua mpangilio wake.

15 Juni, Bagamoyo

Tumechagua nusu ya pili ya Juni kwa sababu mbili. Masika yamekwisha na barabara za udongo zimeanza kukauka. Tena mwezi unaandama tarehe 18, na siku zinazofuata ni za bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Sababu hiyo ya pili ndiyo iliyoamua ratiba nzima, kwa kuwa Fungu la Maziwe, tunalokusudia kulifikia kwa mashua, halionekani ila maji yakiwa yamekupwa. Katika mwambao huu, siku za bamvua, maji hufikia kina chake cha chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hiyo ni bahati kwa walimu, kwa sababu wanafunzi huweza kwenda na kurudi mchana kweupe. Mwalimu anayepanga ziara ya pwani kwa kutazama kalenda ya shule peke yake, bila kuutazama mwezi, anaweza kuwafikisha watoto mahali ambapo hapana cha kuona isipokuwa maji.

Bagamoyo hatukukaa. Magofu ya Kaole na majengo ya enzi ya Wajerumani yana waandishi wake, nasi tumeyapa ukurasa mmoja.

16 na 17 Juni, Saadani

Tuliambiwa kwamba sehemu za njia ya pwani bado zina maji, kwa hiyo tulizunguka kwa lami kupitia Msata, tukapanda hadi Mandera, kisha tukaingia kulia kupitia Miono. Hata hivyo tulikwama kwa saa mbili kabla ya kufika kijiji cha Saadani, mahali ambapo udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umekauka juu na kubaki uji chini. Dereva wetu alikata matawi ya vichaka, akayalaza mbele ya magurudumu, na vijana wawili waliokuwa wakipita na baiskeli walitusaidia kuchimba kwa chepe. Katika sura ya matayarisho nimeongeza sharti kwamba basi la shule lisiipite njia hii kabla ya Julai, na kwamba chepe na kamba ya kuvutia gari ni vifaa vya lazima.

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ya pekee ya Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 1,100, na ndani yake kuna msitu wa Zaraninge, mbuga za nyasi, mashamba ya chumvi yaliyo jirani ambako heroe hukusanyika, na upande wa kaskazini ufukwe wa Madete, ambako kasa hupanda kutaga. Tuliona twiga, kuro na kundi la nyani, na katika rasimu ya kwanza hayo yangetosha kuijaza sura.

Kilichotubadilisha ni Mto Wami. Mto huu unakusanya maji ya milima ya Ukaguru na Nguru na kuingia baharini kusini mwa kijiji cha Saadani. Tulipanda boti asubuhi tukiteremka kuelekea mlangoni, na kila baada ya mwendo kidogo kijana aliyetuendesha alichovya vidole mtoni akavionja. "Hapa bado tamu, mwalimu," alisema mara tatu, huku ukingoni tukiona migunga, mitende ya porini na mashimo ya ndege kwenye ngema ya udongo. Mara ya nne alitikisa kichwa, nasi tukaonja. Maji yalikuwa na chumvi kidogo, ya kuhisiwa tu nyuma ya ulimi. Hatua chache mbele yake ulisimama mkoko wa kwanza, mfupi, peke yake kati ya miti ya bara, na baada yake ikaanza mingine hadi ikazifunika kingo zote mbili. Wanafunzi wangu nimewafundisha kwa miaka mingi kwamba mikoko huota pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari, lakini sikuwahi kuuona mpaka huo ukipita chini ya mkono wangu.

Jioni hiyo tulijadiliana hadi usiku. Mwalimu mwenzangu alipendekeza kwamba kitabu kisiende kwa hifadhi bali kwa mito, kila mto kutoka mlimani hadi baharini, na hifadhi ziingie pale mto unapozipita. Nilisita, kwa sababu walimu huomba vibali kwa hifadhi, si kwa mito. Tuliafikiana kulipima wazo hilo katika sehemu zilizobaki kabla ya kuamua.

18 na 19 Juni, Ushongo na Fungu la Maziwe

Ushongo ni kijiji cha wavuvi kusini ya mlango wa Mto Pangani, chenye ufukwe mrefu wa mchanga mweupe na minazi. Tuliingia alasiri, na tuliambiwa kwamba kuna kiota cha kasa kinachotarajiwa kuanguliwa. Mayai ya kasa hukaa mchangani kwa takriban siku 50 hadi 60, na kiota kimoja huweza kuwa na mayai mia moja au zaidi. Jambo linalowashangaza wanafunzi kila mara ni kwamba jinsia ya mtoto huamuliwa na joto la mchanga: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike, wenye ubaridi hutoa madume.

Mtunza viota wa kijiji, mzee aliyekuwa mvuvi zamani, aliufukua mchanga kwa kiganja, polepole, kama mtu anayefunua uso wa mtoto aliyelala. Kwanza ulitikisika mchanga wenyewe, kisha kikatoka kichwa cheusi kisichozidi ukubwa wa punje ya korosho, kikapumzika, na ghafla shimo lote likachemka kwa watoto wa kasa wakipandana migongoni. Mchoraji wetu aliinama ili ambebe mmoja aliyegeukia upande wa vichaka. "Mwache, mwanangu," mzee alimwambia. "Akitembea mwenyewe ndiyo anaijua pwani yake." Akaulaza mkono wake mchangani uwe kama ukuta mdogo, na yule mtoto wa kasa akaufuata ukuta huo hadi akaelekea majini. Nimeamua kwamba ukurasa wa kanuni za ufukweni utafunguliwa na mkono huo, katika mchoro, kabla ya kanuni yoyote ya maneno.

Mzee alieleza pia kwamba kiota hicho hakikutagwa Ushongo. Mayai yalitagwa Maziwe, na yakahamishiwa hapa kwa sababu kule maji yangeyafikia. Maelezo hayo ndiyo yaliyotutayarisha kwa safari ya siku iliyofuata.

Tarehe 19 tuliondoka saa mbili na nusu asubuhi kwa mashua yenye mashine. Kusi ilikuwa inavuma, bahari imechafuka, na daftari la michoro ambalo hatukulifunga kwenye mfuko wa plastiki lililowa hadi kurasa za Saadani zikaharibika. Maziwe liko kilomita zipatazo nane kutoka pwani. Nahodha alituonyesha mstari mweupe mwembamba juu ya maji, kisha mstari ukawa mchanga, na saa nne tulikuwa tumesimama juu ya fungu lisilo na hata jani moja, limezungukwa na matumbawe na maji ya rangi ya kijani iliyokolea.

Mahali hapa palikuwa kisiwa. Palikuwa na mivinje na vichaka, na palijulikana kuwa moja ya mahali muhimu kabisa pa kutagia kasa katika pwani ya Tanzania, ndiyo maana mwaka 1975 Maziwe likatangazwa kuwa eneo tengefu la bahari. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, mmomonyoko ukala ardhi, na kisiwa kikawa fungu linalozama kila maji yanapojaa. Ukataji wa miti hutajwa miongoni mwa sababu, kwa kuwa mizizi ndiyo iliyokuwa ikiushika mchanga. Kasa wangali wanarudi. Jike hurejea kutaga katika eneo alikozaliwa, na hana namna ya kujua kwamba mayai anayoyafukia usiku yatafunikwa na maji kabla ya kuanguliwa.

Nilimwuliza nahodha kama anakumbuka miti. Alisema yeye alikuwa mtoto, lakini baba yake alikuwa akitia nanga upande wa kivuli. Kisha akaonyesha kwa kidole mahali ambapo palikuwa na maji ya kiunoni, na hakuongeza neno. Nimeandika sehemu hii nikiwa na uchungu ambao sikusudii kuuficha katika kitabu. Wanafunzi wakifika Maziwe waambiwe wazi kwamba tangazo la serikali lilifika, na ulinzi wa kisheria ukawepo, na kisiwa kikatoweka vilevile.

Tuliondoka saa sita kasoro, maji yakiwa yameanza kujaa. Tulipogeuka nyuma baada ya nusu saa, fungu lilikuwa limepungua karibu nusu.

20 Juni, Pangani

Tulivuka mto kwa kivuko kutoka Bweni. Mji wa Pangani unajulikana kwa Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa hapa Desemba 1889, lakini sisi tulikaa ukingoni. Maji tuliyoyavuka yametoka Kilimanjaro na Meru, yamesimamishwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na yakifika huku chini yamepungua nguvu. Bahari nayo inapanda. Chumvi imesogea juu mtoni, na upande wa mji umejengwa ukuta wa kuzuia mawimbi. Hapa nilikubali pendekezo la mwenzangu. Ukuta huu hauelezeki kwa kuitazama bahari peke yake.

22 hadi 24 Juni, Amani

Kutoka Tanga tulikwenda Muheza, tukaacha lami na kuanza kupanda Usambara Mashariki. Lango la hifadhi liko Sigi, kwenye kituo cha zamani cha reli ambayo Wajerumani waliijenga ili kuteremsha magogo. Kutoka hapo barabara inapanda kwa kona kali ndani ya msitu hadi Amani, kwenye kimo cha karibu mita 900, ambako mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani ya mimea kutoka pande nyingi za dunia. Mwaka 1997 eneo la hekta 8,380 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania.

Wanafunzi wengi huuliza simba wako wapi, na mwalimu asiyejiandaa hukosa la kujibu. Jibu la Amani liko chini ya jani. Tulitembea usiku na mwongoza wageni mwenye tochi, naye alisimama kila hatua tano: kinyonga amelala kwenye ncha ya kijiti, rangi yake imepauka, kinyonga mwingine, mfupi kama kidole gumba, amejifanya jani kavu, na juu ya jani la mtangawizi-pori, chura mdogo wa hudhurungi. Chura huyo, Nectophrynoides tornieri, hatagi mayai majini kama vyura tuliowachora ubaoni miaka yote. Anazaa. Watoto wake hukua tumboni na kutoka wakiwa vyura kamili, kwa hiyo hahitaji bwawa wala kijito, bali anahitaji msitu ubaki na unyevu. Mchoraji alipiga magoti kwenye matope kwa dakika ishirini ili kumchora bila kumgusa.

Mchana tulikusanya majina ya miti. Mwongoza wageni wetu ni Msambaa, na alitaja mtambara, msambu, mvule na mkangazi bila kutazama juu, kwa gome na harufu tu. Msambu una tunda kubwa la kahawia ambalo mbegu zake hutoa mafuta yanayoganda, na wanavijiji huziokota na kuziuza. Alituonyesha pia msizi, Maesopsis eminii, mti wa upande wa Ziwa Victoria ulioletwa hapa na wakoloni. Msizi hukua haraka, hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, na sasa umeenea ndani ya msitu wa asili hadi kuwa tatizo kubwa. Hili ni somo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka: tumewafundisha watoto kwamba kupanda mti ni jambo jema, bila kuwafundisha kuuliza ni mti gani na unapandwa wapi.

Mto Zigi unaanza katika milima hii. Ukiteremka unajaza bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo yanayotumiwa na jiji la Tanga. Tulijaza chupa zetu kwenye kijito cha juu, tukaziweka mezani jijini siku iliyofuata karibu na glasi ya maji ya bomba, na picha hiyo ndiyo nimependekeza iwe ya jalada. Kwa mtoto wa Tanga, Amani si mahali pa mbali pa kutembelea. Anakunywa maji yake kila asubuhi.

25 Juni, Tanga na Horohoro

Kuhusu Tanga tumeandika fupi. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa mwaka 2009 baada ya wavuvi wa mwambao huu kunasa samaki hao wa kale katika nyavu za papa, lakini silikanti huishi kwenye vina virefu na hakuna mwanafunzi atakayemwona akiwa hai. Tumemweka katika maelezo ya pembeni.

Katika mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga mwalimu anahitaji kujua mambo mawili tu: kila mwanafunzi awe na hati ya kusafiria, na gari liwe na bima ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka ya nchi. Orodha kamili imo katika kiambatisho.

26 na 27 Juni, Shimba na Gazi

Kama shule ina uwezo wa kufanya ziara ya siku mbili pekee, nami nikaombwa ushauri, ningeipeleka hapa. Hifadhi ya Shimba Hills iko juu ya Kwale. Ni mahali pa pekee nchini Kenya palipo na palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda, na chemchemi zake za Marere zimekuwa zikiipa Mombasa maji tangu enzi za ukoloni. Tulisimama kwenye ukingo wa kilima asubuhi, msitu ukiwa chini ya miguu yetu na bahari ikionekana mbele yetu, na mito midogo ya Mkurumuji na Kidogoweni ikianzia katika vilima hivyohivyo. Mchana wake tulikuwa Gazi, kwenye ghuba ambamo mito hiyo miwili huingia. Mto mzima, kutoka chanzo hadi bahari, unasomeka kwa siku moja ya gari.

Wenyeji walikuwa katika maandalizi ya Idi ya kuchinja, lakini akina mama wanaoiendesha njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko walitupokea kwa moyo mkunjufu. Mama aliyetuongoza alianza upande wa bahari na kurudi nchi kavu, akitaja miti kwa mpangilio wake: mlilana mbele, unaopokea mawimbi, kisha mkoko wenyewe, kisha muia, ambao nahodha wa Ushongo aliuita msinzi, kisha mkandaa, na mchu. Aliukata mche mmoja wa mkoko ulioning'inia na kunikabidhi. Ni mrefu kama kalamu mbili zilizoungwa, kijani, mzito upande wa chini. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mama yake, na mche ukiiva huanguka na kuchoma tope, au huelea hadi upate tope. "Panda, mwalimu," aliniambia, nami nikauchomeka kwa kina cha nusu kidole, ukasimama.

Mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwanda, na upandaji ulianza miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa watafiti na wanakijiji. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko hii, na mapato yake huenda kwenye maji ya kijiji na shule. Nilitazama mche wangu nikakumbuka Maziwe, mahali pengine palipokatwa miti katika miaka hiyohiyo.

Hali ya mradi kufikia 30 Juni

Mpangilio wa sura kwa hifadhi umeondolewa. Kitabu sasa kitakuwa na sehemu nne, za Wami, Pangani, Zigi na Mkurumuji, na mwishoni jedwali linalomwonyesha mwalimu ni mamlaka gani ya kuombwa kibali katika kila kituo, kwa kuwa hifadhi ya taifa, hifadhi ya mazingira asilia na eneo tengefu la bahari ziko chini ya vyombo tofauti. Sehemu ya Zigi imekamilika na imekwenda kwa wahakiki wawili. Ya Pangani inasubiri wazee wa Bweni, ambao wameahidi kutueleza minazi iliyokufa kwa chumvi ilikuwa wapi. Majina ya mikoko yatapangwa katika safu mbili, ya Tanga na ya Kwale, na hatutachagua moja kuwa sahihi kuliko jingine.

Kurasa za Saadani zitachorwa upya. Mchoraji atarudi Wami mwezi wa Agosti, na ameomba boti ileile na kijana yuleyule, ili achore mkoko ule wa kwanza ukiwa peke yake ukingoni.